Blissey wangu haangushwi tena na Earthquake moja

Nimechoka kusikia "jaza HP kwanza, mengine yatajipanga," HP ikiwa ni uhai wa mnyama. Ushauri huo nilipewa na binamu yangu wa Tororo, mkongwe wa Pokémon kwa maneno yake mwenyewe, na kwa Blissey, mnyama wangu kwenye mchezo huo, ni sumu tupu.

Huwa tunacheza Showdown, uwanja wa mtandaoni wa kupambanisha Pokémon, kwenye simu, leveli 50. Hapa Busia bando la elfu moja au mbili hunimalizia jioni nzima. Kinachosumbua ni chaji umeme ukikatika.

"Dogo," aliniambia, "mnyama mwongezee alichojaliwa." Basi EV (alama za mazoezi unazomgawia mnyama) 252 kwenye HP, 252 kwenye SpD (kinga dhidi ya vipigo visivyo vya mwili). HP ikasoma 362, tukajiona tumejenga ukuta. Akaja Garchomp wa jamaa mmoja, tabia Adamant (hukuza Attack, nguvu ya kupiga), Attack imejaa EV. Earthquake moja, kipigo cha mwili, Blissey chali. Binamu akasema ni bahati mbaya.

Bahati ipi? Nilichukua kalamu. Mchezo hupunguza kipigo kwa kubahatisha, kati ya asilimia 85 na 100. Hiyo 85 yenyewe ilitoa HP 375. Mwenye 362 angeponea wapi?

Kumbe dawa ilikuwa pale pale kwenye namba. Uwezo wa kuhimili kipigo cha mwili ni HP mara Def (kinga dhidi ya kipigo hicho). Blissey bila EV ana HP 330 na Def 30. EV 252 huleta pointi 32 popote utakapoziweka: kwenye HP 330 inakuwa 362, nyongeza ya kama sehemu moja ya kumi. Kwenye Def 30 inakuwa 62. Mara mbili na chenji! Bei ni ile ile, na watu bado wanabishana.

Nikamjaza Def, nikampa tabia Bold inayokuza Def, ikapanda hadi 68, 252 nyingine zikaenda HP, nne za mwisho SpD. Nne, si nane: kwenye leveli 50, EV nne za kwanza hukupa pointi, baada ya hapo kila pointi inadai nane. Jumla unayopewa ni EV 510 lakini mbili za mwisho hazinunui kitu, usizililie.

Nikamtafuta yule jamaa tena. Garchomp yule yule, kiburi kile kile. Earthquake ya kwanza ikala kama nusu ya uhai, Blissey akajibu kwa Ice Beam, pigo la barafu, na Leftovers, kifaa alichobeba, zikamrudishia HP 22. Earthquake ya pili ikambakiza na kijistari chekundu cha uhai, lakini yupo! Ice Beam ya pili, Garchomp kalala. Jamaa akatoka bila hata kuandika "gg" (mchezo mzuri). Nilicheka hadi mama akauliza kuna nini.

Usije ukafanya hivi kwa kila mnyama, lakini. Skarmory ana HP 140 na Def 160 kabla ya EV, kwa hiyo yeye HP ndiyo inamlipa zaidi, tena inamsaidia na upande wa SpD. Na mbele ya Close Combat, pigo linalomuumiza maradufu, Blissey huyu wangu bado ni chapati, mtoe haraka.

Sasa binamu anataka nimpangie Snorlax. Nimemwambia aanze na Def, itoke 85 ifike 117, HP aiache na 235 yake. Anasema atafikiria.