Kuhamisha mashine pepe bila kuizima: hesabu kwanza, amri baadaye

Alasiri moja ya siku ya kazi, seva mojawapo kati ya nne ninazozitunza ilianza kuripoti makosa ya kumbukumbu, na ikabidi niiondolee mashine pepe (kompyuta zinazoigizwa na programu ndani ya seva) zote kumi na moja ili fundi aweze kubadilisha kibao cha RAM. Kumi zilihamia seva nyingine bila mtumiaji yeyote kutambua. Ya kumi na moja, iliyobeba hifadhidata na kupewa GB 64 za kumbukumbu, iliendelea kunakiliwa kwa dakika arobaini bila kufika, hadi nikaisitisha kazi hiyo kwa aibu na kuomba ruhusa ya kuizima usiku. Kosa halikuwa la KVM, inayoendesha mashine pepe, wala la libvirt, inayozisimamia, bali langu, kwa kuwa nilitoa amri kabla ya kupiga hesabu.

Msingi wa uhamishaji huu haujabadilika sana tangu watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge na wenzao walipoueleza mwaka 2005 wakitumia Xen, programu nyingine ya kuendesha mashine pepe. Kumbukumbu yote ya mgeni (mashine pepe) hunakiliwa kwenda kwa mwenyeji (seva) mpya huku mgeni akiendelea na kazi zake. Kisha kurasa, yaani vipande vya kumbukumbu, alizoziandika upya wakati wa kunakili hutumwa tena, na tena, mpaka zinazobaki ziwe chache kiasi kwamba mashine inaweza kusimamishwa kwa muda mfupi sana, mabaki yakavushwa, nayo ikaamkia upande wa pili. Katika jaribio lao la seva ya mchezo wa Quake 3, kusimama huko kulichukua milisekunde 60 tu.

Kazi hii inafanana na ya baharia anayefua maji chomboni: upo wake usipokwenda kwa kasi kuliko uvujaji, atafua mpaka asubuhi na maji yatabaki palepale. Mtandao wa gigabiti 1 hupitisha takribani MB 117 kwa sekunde, kwa hiyo GB 64 zinahitaji zaidi ya dakika tisa kwa mzunguko wa kwanza peke yake. QEMU, programu inayoigiza vifaa vya mashine pepe ikishirikiana na KVM, kwa kawaida huruhusu mashine isimame kwa milisekunde 300, na kwa kasi hiyo ya mtandao muda huo unatosha kuvusha MB 35 hivi. Hifadhidata yangu ilikuwa ikichafua kurasa, yaani kuziandika upya, kwa kasi inayoikaribia ile ya waya wenyewe, kwa hiyo mabaki hayakushuka kamwe kufikia kiwango hicho. Siku hizi, kabla ya kuhamisha mashine yoyote kubwa, naipima kasi hiyo kwa amri ya virsh domdirtyrate-calc saa ileile ninayokusudia kuihamisha, kwa sababu kipimo cha usiku wa manane hakikuambii lolote kuhusu saa nne asubuhi.

Hesabu ikikataa, dawa ya kwanza ni mtandao. Gigabiti 10 hushusha ule mzunguko wa dakika tisa hadi karibu dakika moja, na ni vyema njia hiyo itengwe na ile ya watumiaji, vinginevyo uhamishaji utawanyima nafasi walewale unaojaribu kuwaficha usumbufu. Njia hiyo pia isimbwe kwa TLS (itifaki ya kuficha data njiani), maana kinachopita humo ni kumbukumbu nzima ya mgeni, pamoja na nywila na funguo zake. Dawa ya pili ni kuongeza muda wa kusimama, kwa mfano hadi sekunde moja, ila ujue ni nani anayekaa ndani ya mashine hiyo: etcd, hifadhidata inayogawanywa kwenye seva kadhaa zenye kiongozi mmoja, isipobadilishwa mipangilio, hungoja milisekunde 1000 tu bila kusikia kutoka kwa kiongozi kabla ya kuitisha uchaguzi mpya. Ya tatu ni kuiachia QEMU imbane mgeni. Huanza kwa kumpunguzia asilimia 20 ya muda wa prosesa, kisha huongeza kwa asilimia 10. Inafanya kazi, lakini hifadhidata iliyobanwa hivyo watu wataihisi.

Ipo njia ya nne, iliyoingia katika QEMU 2.5 mwishoni mwa mwaka 2015, ambayo humhamisha mgeni kwanza na kuziita kurasa zake kadiri anavyozihitaji. Uhamishaji kwa njia hiyo lazima ufike mwisho, lakini katikati ya safari kumbukumbu imegawanyika kati ya seva mbili, na seva mojawapo ikizimika, mgeni amepotea. Kwa hifadhidata mimi siitumii.

Prosesa nayo ina hila zake. Mgeni aliyepewa prosesa ya mwenyeji kama ilivyo, bila kificho, akihamia seva ya zamani anaweza kufika salama, akajibu ping (jaribio la kuona kama yupo mtandaoni), kisha programu yake ikaanguka baadaye kwa kuita agizo ambalo prosesa mpya kwake haina. Afadhali kuwapa wageni wote modeli moja ya prosesa yenye jina, inayoweza kubebwa na seva dhaifu kuliko zote. Hapo libvirt italinganisha na kukataa mapema. Kasi kidogo utaipoteza, nami naona bei hiyo ni halali.

Kuhusu diski, hifadhi ya pamoja, inayofikiwa na seva zote mbili, ndiyo nafuu. Diski za NFS (mafaili yanayofikiwa kupitia mtandao) ziwekwe cache=none, yaani mwenyeji asitunze nakala za data zake kwenye kumbukumbu, la sivyo matoleo ya zamani ya libvirt hukataa kuhamisha mpaka uyalazimishe, na kuyalazimisha ni kuchezea data za watu. Daraja la mtandao, linalomuunganisha mgeni na mtandao wa nje, liwe na jina moja na VLAN (kitengo cha mtandao) ileile pande zote mbili, kwa kuwa QEMU huzitangazia swichi makao mapya ya mgeni, lakini haiwezi kumtengenezea njia isiyokuwepo.

Na kabla ya yote hayo, angalia kama kuna faili la ISO (nakala ya CD) lililosahauliwa katika kiendeshi cha CD cha mashine pepe. Linakaa kwenye diski ya seva ya awali, upande wa pili halipo, na uhamishaji hugoma palepale. Limenikwamisha mara nyingi kuliko prosesa, hifadhi na mtandao vikiwekwa pamoja.