Siku Kamba Walipopanda Miti

Baba alikuwa mvuvi wa Baraka, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, mpaka vita vilipotutoa mwaka 1996. Nyarugusu alikaa miaka mingi bila kushika wavu, maana kambi hiyo ya wakimbizi iko porini Kasulu, Tanzania, na ziwa liko mbali. Tulipoletwa Shepparton, mji wa mashamba ya matunda kaskazini mwa jimbo la Victoria, Australia, kabla hajauliza habari ya kazi wala ya hospitali alitaka aonyeshwe maji. Tukampeleka Goulburn. Akasimama ukingoni, mikono nyuma, akautazama ule mto wa rangi ya udongo unaopita katikati ya mikaratusi mikubwa, akasema, "Mama, huu ni mfereji." Mama ni mimi. Kwetu baba humwita binti yake hivyo, awe na furaha au awe amekasirika.

Aliyemrudisha mtoni ni mzee wa Kizungu wa nyumba ya pili, mstaafu, mtu wa kofia pana na boti ndogo ya bati nyuma ya gari. Baba alimwita Jirani, naye akaitikia. Yeye akamwita Baba "Mzee", kwa kuwa ndivyo alivyosikia wageni wetu wakimwita. Kiingereza cha Baba kilikuwa cha kununulia mkate tu, na Jirani hakujua Kiswahili hata neno, lakini watu wawili wanaosubiri samaki hawana maneno mengi ya kuambiana. Palipohitajika maneno, nilibebwa mimi.

Nilihitajika zaidi kwenye sheria. Samaki wa heshima kwenye mito hii ni Murray cod. Mkubwa kabisa aliyewahi kuandikwa alikuwa na urefu wa mita 1.8 na uzito wa kilo 113, na wale wa mita moja bado wapo. Kuanzia tarehe 1 Septemba hadi mwisho wa Novemba haguswi, ni majira yake ya kutaga. Msimu ukifunguliwa, unayeruhusiwa kuondoka naye ni wa sentimita 55 hadi 75 basi. Mdogo anarudi majini, na mkubwa naye anarudi majini. Hapo Baba alishindwa kuvumilia. Kurudisha mdogo alikuelewa, hata kwetu mtu mwenye akili hali mbegu. "Lakini mkubwa? Umevutana naye nusu saa, mikono inatetemeka, umempata, halafu unampiga picha unamuaga?" Jirani akaeleza kupitia kwangu kwamba jike kubwa ndilo lenye mayai mengi, na huchukua miaka kufikia ukubwa ule. Baba akanyamaza, na mimi ninayemjua niliona kuwa hajakubali.

Ikaja na habari ya leseni ya kuvua. Mto Murray ndio mpaka wa Victoria na New South Wales, lakini mpaka wenyewe unapita kwenye ukingo wa kusini, kwa hiyo maji yote ni ya New South Wales na leseni ya Victoria haifai. "Yaani nimesimama jimbo moja," alisema Baba, "na ndoana yangu iko jimbo lingine, imevuka mpaka bila karatasi." Alicheka mwenyewe mpaka akakohoa.

Basi yeye akaoa karpi. Wenyeji wanamchukia samaki huyu kuliko nyoka. Aliletwa kutoka Ulaya, akasambaa kwenye mito yote ya bonde la Murray na Darling baada ya mafuriko ya miaka ya 1970; kazi yake ni kufukua matope chini, kung'oa majani na kuchafua maji ambamo samaki wengine wanawinda kwa macho. Watu wakimvua wanamwacha ukingoni aoze, au wanamfukia kwenye bustani ya mawaridi kama mbolea. Baba alimbeba nyumbani, akampasua kwa mgongoni, akamtia chumvi, akambanika taratibu juu ya pipa lililokatwa nusu kama walivyobanika sangala kwao. Jirani alisimama pale uani mara nyingi, akasifu moshi, akasifu pipa. Kula, hata kipande, alikataa.

Oktoba 2022 mvua ilinyesha mfululizo na ardhi ilikuwa imeshashiba. Goulburn ilipanda Shepparton hadi zaidi ya mita 12, kiasi ambacho mji haukukiona tangu 1974. Mtaa wetu tulijaza mifuko ya mchanga usiku kucha. Maji yakaishia barabara ya chini, wenzetu wengi hawakubahatika. Baba alikaa kibarazani kwenye kiti cha plastiki akiyatazama maji yakipita na magogo, mapipa, na peasi za shamba la mtu. Hakusema tena neno mfereji.

Katikati ya Novemba, maji yakiwa yanashuka, Jirani alibisha mlango asubuhi. Rafiki yake wa Echuca alikuwa amempigia simu: mto unanuka. Tukaenda watatu, karibu saa moja kwa gari, tukipita Kyabram, mashamba mengine bado yamelala majini. Echuca ndiko Goulburn inakokutana na Murray, kwa hiyo maji yaliyopita kwetu yalikuwa yameshatangulia huko. Mjini bado ulikuwepo ule ukuta wa udongo uliojengwa kwa haraka mwezi uliopita, unakata mitaa, nyumba nyingine zikiwa zimeachwa upande wa maji. Bandari ya zamani, ambapo watalii hupanga foleni kupanda meli za magurudumu, haikuwa na mtu. Boti za starehe zilikuwa zimefungwa kwenye miti ambayo kwa kawaida iko nchi kavu.

Tukashuka chini ya mji, mahali ambapo Jirani amevua tangu ujana wake. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Ajabu ni kwamba hayakuwa na tope. Ukichota kiganjani unaiona mistari ya mkono wako chini yake. Harufu ilikuwa ya majani yaliyooza.

Mimi nililiona gando kwanza. Jeupe, nene, limeshika gome la mkaratusi usawa wa goti langu. Nilidhani kuna mtu amelitundika pale kwa mzaha. Kisha gando likasogea, na nyuma yake ukaja mwili wa kijani cha giza wenye miiba mgongoni, mrefu kupita kiganja changu. Ni kamba wa Murray, kamba wa maji baridi ambaye duniani anazidiwa ukubwa na mmoja tu, naye yuko Tasmania. Anaishi chini kabisa, kwenye maji ya baridi yanayotembea. Kumwona mchana, nje, juu ya mti, ni jambo ambalo hata Jirani alishaliona mara chache. Macho yalipozoea tukaona wapo kila mahali: kwenye magogo, kwenye mizizi, ndani ya nyasi, wengine wamekaa nusu majini nusu nje, vichwa vimeelekezwa nchi kavu. Hawakukimbia tulipokaribia. Walikuwa wanapiga mikia polepole na midomo inatoa povu.

Baba alikuwa na ndoo ya chambo. Akaimwaga minyoo, akamshika kamba wa kwanza kwa nyuma, pale ambapo magando hayafiki, akamtia. Wa pili. Jirani akasema hapana. Baba akajifanya hajasikia, na mimi nikaitwa kazini.

Sheria ilikuwa upande wa Jirani. Kamba huyu anavuliwa Juni hadi Agosti tu, na Novemba kumkuta mtu naye ni kosa lenye faini. Nikatafsiri. Baba akaniangalia, akasema kwa sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko ya juu: "Mwambie hivi. Hawa wanakufa. Yeye anajua, mimi najua. Ni sheria gani inayosema chakula kioze mbele ya mtu mwenye njaa?" Hakuwa na njaa, alikunywa chai na maandazi matatu kabla ya safari, lakini miaka ya kambini haihesabu maandazi. Na kusema kweli sikuona kosa kwenye hoja yake. Bado silioni sana.

Jirani hakubishana naye kuhusu sheria. Alichuchumaa, akanionyesha nimtafsirie: wametoka ili wasife. Majini hamna hewa. Wakikaa kivulini na matamvua yakabaki na unyevu, wanaweza kustahimili nje, na maji yakipata hewa tena wanarudi. Watakaokufa ni wale jua litakaowakausha, na wale watakaoliwa na mbweha.

Nilipofika kwenye neno "hewa", Baba alinikatiza. "Chini hamna hewa?" Akaniambia nimuulize tena. Kisha akaanza kumweleza Jirani, kwa Kiswahili, moja kwa moja, akinisahau, kwamba Tanganyika ndivyo ilivyo siku zote: ziwa lina kina kisicho na mwisho, lakini ukishusha wavu kupita kiasi unarudi mtupu, samaki wote wanaishi ile sehemu ya juu. Ni kweli, ziwa lina mita karibu 1,470 na hewa haiendi chini zaidi ya mita mia na kitu hadi mia mbili. Huku, alisema akionyesha kwa kiganja kilicholazwa, ile chini ya ziwa imepanda ikafika juu.

Alimtoa wa pili kwenye ndoo na kumgeuza. Chini ya mkia walikuwa wamejazana vitoto, vyepesi, karibu vinaonyesha upande wa pili, kila kimoja kimeng'ang'ania. Akamrudisha kwenye mzizi alikomtoa, upande wa kivuli. Tukashinda pale tukichovya magunia mtoni na kuwafunika wale waliokuwa juani. Mimi sikuwa na viatu vya kazi ile na mbu walinila.

Cod tulimwona baadaye, kwenye maji ya nyuma ya gogo. Kichwa kipana chenye madoa ya kijani kilikuwa juu, mdomo unafunguka na kufunga, unafunguka na kufunga, ukivuta ile tabaka nyembamba ya juu ambayo bado ilikuwa na kitu. Alikuwa wa mita moja kama si zaidi. Ndege wawili, mwari, walikuwa wanaelea karibu, hawana haraka. Jirani alimtazama muda, akavua kofia, akaenda kukaa kwenye gari. Samaki wa ukubwa ule ndio aliowapiga picha na kuwaachia maisha yake yote. Baba alinigusa mkono nisimfuate.

Afisa mmoja wa serikali alipita jioni na kipimo chenye waya mrefu. Akakitumbukiza, akatuonyesha namba: chini ya 1. Samaki wengi wakubwa huanza kufa ikishuka chini ya miligramu 2 za oksijeni kwa lita. Alieleza vizuri kuliko nilivyotegemea. Mikaratusi ya mtoni hudondosha majani na magome mwaka mzima. Zamani mafuriko madogo yalikuja karibu kila majira ya baridi na ya kuchipua, yakayafagia kidogo kidogo maji yakiwa bado baridi. Siku hizi maji ya majira hayo yanazuiwa kwenye mabwawa makubwa, Eildon na Hume, yanafunguliwa kiangazi yanapohitajika mashambani. Majani yanalundikana msituni. Likija furiko ambalo hakuna bwawa la kulizuia, na hali ya hewa imeanza joto, yote yanaloweka mara moja, bakteria wanayala, na wanapoyala wanamaliza hewa.

Baba akauliza maji hayo ya mashambani ni ya mashamba gani. Afisa akataja matunda, maziwa, mpunga. Mimi nafungasha peasi bandani Shepparton, na mshahara huo ndio uliolipia leseni mbili za Baba, ya Victoria na ya New South Wales. Sikulitafsiri jibu lote. Alilielewa hivyo hivyo, maana njiani kurudi aliniuliza peasi moja inakunywa maji kiasi gani.

Hatukujua wangapi walirudi majini. Tulirudi Echuca wiki iliyofuata tukakuta magamba matupu na nyayo za mbweha, na tukakuta pia miti mingi ambayo haikuwa na kitu, wala kilichokufa wala kilicho hai. Yule cod hatukumwona.

Tarehe 1 Desemba, siku ambayo kila mwaka Jirani hutoka na boti kabla ya alfajiri, gari lake halikusogea. Baba alimsubiri kibarazani hadi saa nne, kisha akavuka ua akamgongea. Karpi hawakuwa na msiba wowote: wao wanastahimili maji mabaya, na mafuriko yaliwapa mabwawa ya kila aina ya kuzalia, hata mitaro ya mjini ilijaa vitoto vyao. Wakaenda Goulburn na punje za mahindi. Walirudi wamejaza ndoo, pipa likawashwa, na jioni Baba akaweka sahani ya tatu mezani bila kumuuliza mtu. Jirani akala. Alikula polepole, akitoa miiba mmoja mmoja na kuipanga ukingoni mwa sahani, akimega ugali kwa vidole alivyoona tunavyofanya, vibaya. Alipomaliza nusu alisema kitu, Baba akanitazama nitafsiri.

"Anauliza kama kuna pilipili," nikasema.

"Mpe ya mbuzi," akasema Baba. "Ile nyekundu."