Samaki wa Miiba Minne

Mjomba hakuwa mtu wa kubishana dukani. Muuzaji alimwambia wale samaki warusha maji ni Toxotes chatareus na kwamba hata maji ya mfereji yatawatosha. Mjomba akaitikia, akalipa, tukapanda matatu hadi Umoja nikiwa nimeupakata ule mfuko wa maji kama mtoto mchanga. Ubishi wake aliuweka hadi tulipofika nyumbani.

Alimchota mmoja kwa jagi la plastiki linaloonyesha ndani, akaliinua kwenye taa, akavaa miwani.

"Madoa achana nayo kwanza. Hesabu miiba ya pezi la mgongoni."

Nikahesabu minne. Akachota mwingine, minne tena. Chatareus kwa kawaida huwa na mitano, na mabaka yake hupishana, refu kisha fupi. Hawa walikuwa na mabaka meusi mapana juu na membamba chini, pamoja na vidoa vya manjano mgongoni ambavyo wakiwa wadogo huwa navyo. "Jaculatrix hawa, aina nyingine kabisa ya warusha maji," akasema, kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

Kwake haikuwa suala la jina. Jaculatrix ni samaki wa mikokoni, mahali mto unapokutana na bahari, kwa hiyo anataka chumvi kidogo. Mjomba alizaliwa Gazi, pwani ya Kenya, akakulia kwenye mikoko, na ilimuuma kidogo kwamba mikoko ya kwao haina samaki huyu: makao yake ni kutoka India kuelekea mashariki hadi kaskazini mwa Australia. Akatoa chumvi ya bahari (ya mezani hakutaka kuisikia), akaikoroga kwenye ndoo, akawa anaongeza polepole siku baada ya siku huku akisoma kipimo cha uzito wa maji ya chumvi, hadi kikakaa kwenye 1.005 na ushei. Hita nayo haikuzimwa, maana baridi ya Nairobi haimhurumii samaki wa joto.

Tatizo likawa chakula. Zile punje za dukani zikishazama, hawakuwa na habari nazo. Macho yao yalitazama juu tu. Mkewe alianza kuuliza kama samaki wa bei ile hufunga Ramadhani mwaka mzima.

Ndipo mvua za Aprili zikaleta kumbikumbi. Jioni ile walijaa kwenye taa ya kibarazani, watoto wa ploti wakiwaokota kwa mabeseni wakakaangwe. Mjomba akajichukulia wachache. Tangi hakulijaza tangu mwanzo, kioo kikavu cha juu kilikuwa kipana. Akalowesha mabawa ya kumbikumbi mmoja, akambandika hapo, kama shubiri moja juu ya maji.

Samaki mkubwa akaja chini yake, akajisimamisha, ncha ya mdomo ikatokeza. Huubana ulimi kwenye mfereji ulio kwenye kaakaa, kisha hufunga vifuniko vya matamvua kwa ghafla, maji yakachomoka. Maji ya nyuma hutoka kwa kasi kuliko ya mbele, yakayafikia hewani, hivyo kinachompiga mdudu ni tone zito. Haya Mjomba alinieleza baadaye, wakati ule nilisikia tu "tap!" kwenye kioo. La kwanza lilipita pembeni. La pili likambandua kumbikumbi.

Lakini hakumla yeye. Yule mdogo kuliko wote, ambaye hakurusha hata tone, alishatoka mbio kwenda pale mdudu atakapoangukia, akammeza alipogusa tu maji.

"Ona mwizi!" mkewe akapiga kelele. Akainama karibu na tangi amwone vizuri, na yule mkubwa, bado ana njaa, akalenga kitu kilichokuwa kinang'aa juu yake. Jicho.

Mjomba alicheka hadi akakaa chini. Mkewe alijifuta kwa leso, akatangaza kuwa kuanzia kesho kutafuta panzi ni kazi yangu, na wasitoke nyumba iliyopuliziwa dawa.