Insha ya flamingo, wiki ya tatu: hoja ilikuwa imejificha paragrafu ya tano

Imekubali jameni. Sijamaliza, lakini ile kitu ilikuwa inaninyima usingizi hatimaye imekubali na lazima niandike saa hii kabla sijasahau nilifanya aje.

Kukumbusha tu, ni insha ya Kiingereza, maneno 1,200, mada unajichagulia. Mimi nikachagua kwa nini flamingo walipungua Ziwa Nakuru, nikijua nimejipea rahisi, mtu amekulia Section 58, mtaa wa hapa Nakuru, hilo ziwa nalijua tangu tukipelekwa trip za primari. Kumbe kujua kitu ni kitu kingine na kukiandikia insha ni kitu kingine kabisa.

Kupanga kulienda sawa, hapo sina mengi. Autlaini kurasa mbili za daftari, drafti ya kwanza usiku mbili, nikapeleka nikijisikia sana. Ikarudi na peni nyekundu, na kwa pembeni lekchara ameandika maneno mawili tu, "So what?", mara tano. Nilihesabu. Grama hajagusa, spelingi hajagusa, ni hiyo tu mara tano, na ya mwisho ameiwekea mstari chini.

Sasa hapo ndipo nilikwama siku kumi na mbili. Nimeandika ile sentensi ya hoja kuu, ile inakaa mwisho wa intro, mara tisa. Ya kwanza ilikuwa "This essay will discuss flamingos", ambayo hata mimi naona aibu, hiyo si hoja, ni kama konda kukwambia gari inaenda bila kusema inaenda wapi. Ya nne ilisema flamingo ni muhimu kwa Nakuru. Sawa, ni nani atabisha? Na kama hakuna wa kubisha basi unaandikia nani maneno 1,200? Ya sita ndiyo nilikuwa naipenda, nilishindilia kila tarehe nilikuwa nayo, hifadhi ya ndege 1961, mbuga ya taifa 1968, Ramsar, ile orodha ya kimataifa ya ardhioevu, 1990, UNESCO 2011, zote ndani ya sentensi moja, imejaa kama matatu ya kwenda ushago Disemba. Nikaisoma kwa sauti nikaishiwa na pumzi katikati.

Acha nitoke nje ya mada kidogo kuhusu hizi programu za kurekebisha Kiingereza, kwa sababu nilipoteza jioni mbili nazo. Zinasaidia, sikatai. Mimi nina ugonjwa wa kuandika "the water it has increased", hiyo "it" inatoka moja kwa moja kwa "maji yameongezeka", ile "ya" haitaki kuachwa nyuma, na programu inaishika kila mara. Pia huwa naanza na flamingo akiwa "he" namaliza akiwa "she", maana kwetu ni "a" tu na maisha yanaendelea. Lakini programu iliniambia paragrafu yangu ya pili iko safi, alama ya kijani, na hiyo ndiyo paragrafu ilikuwa na "So what?" mbili. Kitu inaweza kuwa bila kosa hata moja na bado haina kazi. Halafu inawekea mistari mekundu Njoro na Makalia kana kwamba mito yetu ni makosa ya spelingi. Ile kitu imenisaidia kuliko zote ni simu kunisomea kwa sauti. Ile sauti ya roboti haina huruma, haikuwekei mkazo pale ulitaka, kwa hivyo sentensi ikiwa mbovu unaisikia mbovu.

Sasa Jumamosi. Stima ilipotea asubuhi, laptop ikazima, lakini Ijumaa nilikuwa nimeprinti drafti ya tatu pale saiba. Nikaikata na makasi, kila paragrafu kipande chake, nikataka kuzipanga kwa kitanda nione kama mpangilio ndio shida. Kitanda ni kidogo na upepo wa dirisha ukazitawanya. Nikatoka nje nikazibana kwa kamba ya nguo, vipande saba, pegi nikaazima kwa mama jirani. Kwa kila kipande nikachukua penseli nikaandika mstari mmoja: hii inafanya kazi gani. Sio inaongelea nini, inafanya kazi gani. Hiyo tofauti ndiyo ilikuwa inanipita kwa autlaini, nilikuwa nimeandika vichwa tu, historia, chakula, maji, watalii.

Kipande cha pili, historia ya mbuga, nikakaa na penseli dakika kama tano. Hakina kazi. Kipo kwa sababu nilikisoma na nilitaka ijulikane nilisoma.

Mama jirani akatoka na karai lake la nguo.

"Kijana, leo unaanika karatasi?"

"Ni kazi ya shule mama, nimalize tu nikupishe."

"Na zinasema nini?"

Nikamwambia kwa kifupi, ziwa lilijaa, flamingo wakaenda Ziwa Bogoria na kwingineko. Akasimama na shati mkononi. "Sasa ndege wa maji anahama aje na maji yameongezeka? Si huyo ndiye angefurahi?"

Nikaanza kumweleza. Nikamwambia ndege wa kula samaki ni mwari, flamingo wetu anachuja kile kijani-kijani kidogo sana, spirulina, na hicho kinataka maji ya magadi, makali. Ziwa halina mahali pa kutokea, mito inaingia tu, Njoro, Makalia, Nderit, kwa hivyo mvua zikizidi magadi yanachujuka, kile kijani kinapungua, na hapo maji ni mengi lakini chakula hakuna.

"Aa," akasema, "ni kama uji. Ukiongeza maji mtoto atamaliza kikombe na bado atalala njaa." Akaanza kuanika kule mwisho wa kamba.

Mimi nikabaki pale. Kwa sababu hiyo ndiyo insha! Nikaangalia vipande, na kwa paragrafu ya tano, sentensi ya mwisho kabisa, iko pale, nimeiandika mwenyewe tangu drafti ya kwanza, kwamba maji mengi ndiyo yaliwafukuza. Siku kumi na mbili naitafuta kwa intro na ilikuwa imekaa tano kimya. Nikaitoa pegi, nikaipeleka mwanzo.

Sentensi ya kumi sasa inaanza na "Although". Inakubali kwanza kile kila mtu angefikiria, kwamba maji yakiongezeka ndege wa maji anafaidi, halafu inakataa, halafu "because", inaleta habari ya magadi. Swali la mama liko ndani na jibu liko ndani. Nimeibisha nikiwa peke yangu mara nyingi sana na bado imesimama.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Historia nikatoa yote, nikabakisha nusu sentensi. Iliniuma, ile 1961 nilikuwa nimeitafuta kwa jasho. Watalii nikapunguza nusu. Paragrafu ya kwa nini ziwa lenyewe lilijaa, mvua na misitu ya Mau na hayo mengine, nikaitoa kwa kamba nikaiweka mfukoni, hiyo ni insha yake peke yake na nikiifungua hapa itameza kila kitu.

Mpango ulikuwa Jumapili niwape wawili wa darasa wasome, halafu nipige msasa grama. Sijafanya. Nilianza kuandika intro mpya inayofungua na kikombe cha uji, na nimekaa nayo hadi usiku, sijui kama lekchara atakubali uji kwa insha ya flamingo lakini mimi siitoi. Shida ni kwamba "uji" kwa Kiingereza kila neno ninalojaribu linaleta picha ya wazungu na kijiko. Nimeamua nitaiacha "uji" hivyo hivyo na nieleze kwa maneno matano.

Hesabu ya leo ni 1,460. Natakiwa kutoa 260 kabla ya Jumatano, na paragrafu ya magadi peke yake imekula 340. Pegi za mama nimerudisha kumi na moja, ya kumi na mbili sijui iliangukia wapi.