Wiki niliyoacha kusema "sijambo"

Nilirudi Mtwara kwa basi kutoka Dar es Salaam na karatasi ya siku saba aliyonipa daktari, nikaibandika kwenye daftari la marehemu baba alilokuwa akiandikia kilo za korosho. Nilishatibiwa sana amiba na taifodi kabla kamera ya utumbo haijaonyesha kuwa ninaumwa ugonjwa wa Crohn, uvimbe na vidonda vya utumbo visivyoisha.

Karatasi hiyo ni ya kipimo cha Marekani cha mwaka 1976, kifupi chake CDAI. Kinajumlisha mambo manane. Chini ya alama 150 ugonjwa umetulia, 220 hadi 450 ni wa wastani, zaidi ya 450 ni mkali. Mambo matatu hujaza mgonjwa mwenyewe kila siku: choo laini au cha majimaji mara ngapi, tumbo limeuma kiasi gani (0 hadi 3), na hali kwa jumla (0 hadi 4).

Kwenye hali ndipo nilipoharibu. Niliandika 0, yaani nzuri, siku zote saba. Sisi tukiulizwa hujambo tunajibu sijambo, hata kama umejifunga kanga tumboni kwa maumivu. Maumivu nikaandika 1. Choo mara tatu. Za usiku niliona aibu kuzihesabu.

Mama alichungulia daftari. "Mara tatu? Mwanangu, jana usiku tu nimesikia mlango wa uani ukilia mara nne."

Tukaanza upya. Kalamu tuliifunga kwa uzi kwenye daftari, kila nikitoka chooni nachora mstari. Mara sita kwa siku ni 42 kwa wiki, zidisha kwa 2: 84. Maumivu 2 kila siku, jumla 14, zidisha kwa 5: 70. Hali 2 kila siku, jumla 14, zidisha kwa 7: 98. Daktari akaongeza 54 za damu, kwa kuwa hematokriti yangu, yaani asilimia ya chembe nyekundu kwenye damu, ilikuwa 33, na mwanamke huhesabiwa kuanzia 42, kila pungufu moja alama 6. Uzito ukaleta 10. Jumla 316.

Usiku ule nikapiga hesabu ya wiki ya kwanza kwa damu na uzito uleule. Nikapata 141. Nililia. Karatasi ingesema ugonjwa umetulia, nami ningeendelea na dawa zilezile huku nikikonda.

Daktari hategemei alama peke yake, maana vidonda vya utumbo vinaweza kuwepo bila maumivu, na maumivu bila vidonda. Hupima CRP kwenye damu na kalprotektini kwenye choo, protini zinazoonyesha uvimbe wa ndani, na kamera inapobidi. Kati ya safari moja ya Dar na nyingine tunatumia kipimo kifupi cha Harvey-Bradshaw, cha mwaka 1980: siku moja tu, bila damu. Daktari wa hapa ananibonyeza tumbo kutafuta uvimbe, mengine nayasema mwenyewe kwa simu.

Siku hizi mama akiniuliza nimeamkaje, namjibu kwa namba. Leo nimemwambia moja.