Pesa ya kamari kwenye bili ya nyumba yako, Pennsylvania

Ukinunua nyumba Pennsylvania, kodi itakayokuuma zaidi kwa kawaida si ya kaunti wala ya mji. Ni ya wilaya ya shule, na bili yake hutoka mwezi wa saba. Sehemu ya kodi hiyo hulipwa na wacheza kamari. Sheria ya 2004 iliruhusu mashine za kamari, zile ambazo vijiweni Dar huitwa dubwi: katika kila dola 100 zinazobaki baada ya washindi kulipwa, 34 hukatwa kwa ajili hiyo. Sheria Namba 1 ya 2006 ikaeleza namna fedha hizo zitakavyopunguza kodi ya shule kwa wenye nyumba.

Tatizo ni kwamba usipoomba hupati, na wageni wanaonunua nyumba ya kwanza ndio hukosa. Kila mwaka, kabla ya Desemba 31, wilaya ya shule humtumia fomu ya homestead (yaani punguzo la nyumba unayoishi mwenyewe) kila mwenye nyumba ambaye hajaidhinishwa. Bahasha yake inafanana na matangazo, kwa hiyo huishia kwenye taka. Ijaze, uipeleke ofisi ya tathmini ya kaunti (si shuleni) kabla au ifikapo Machi 1. Ni bure. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye hati ya nyumba, na namba ya kiwanja utaikuta kwenye bili.

Nyumba iwe ndiyo makazi yako ya kudumu, na usiwe unadai punguzo kwingine. Ukiishi chini na kupangisha juu, inahesabiwa sehemu yako tu. Nyumba iliyoandikwa jina la kampuni haistahiki, hata kama unalala humo kila siku. Idhini ya mwenye nyumba aliyekutangulia nayo haikuhamii.

Punguzo hukatwa kwenye thamani ya tathmini, si kwenye kodi yenyewe. Tuseme nyumba imetathminiwa dola 150,000, punguzo ni 12,000, na shule inatoza dola 20 kwa kila 1,000. Utatozwa kwa 138,000, uokoe dola 240. Ndani ya wilaya moja jirani mwenye jumba la 400,000 naye anaokoa 240 zilezile, na hapo naona sheria ilitenda haki. Ukivuka mpaka wa wilaya, kiasi hubadilika.

Wenye mkopo wajihadhari: benki ndiyo inayolipa kupitia eskro (akaunti inayotunza pesa ya kodi unayolipa pamoja na rejesho la mkopo), kwa hiyo bili huenda usiione kabisa. Omba nakala, utafute mstari wa punguzo. Ukihama na kuipangisha nyumba, mjulishe mtathmini ndani ya siku 45. Anayedanganya hulipa kodi aliyokwepa, riba, adhabu ya asilimia 10, na akitiwa hatiani faini hufika dola 2,500.

Philadelphia wana njia yao. Huko pesa ya kamari hupunguza kodi ya mishahara, hivyo hata mpangaji anafaidika. Mwenye nyumba huomba punguzo la jiji lenyewe, dola 100,000 kwenye thamani tangu 2025, kwa fomu nyingine, na tarehe yake ni Desemba 1. Akishakubaliwa, haombi tena mradi anaishi humo.