Nilivyopanga Matoleo ya The Sphinx Yaliyopoteza Majalada

Fungu la The Sphinx lisilo na majalada linataka hesabu kabla ya gundi. Jarida hili la wanamazingaombwe wa jukwaani lilianza Chicago Machi 1902 na toleo lake la mwisho likatoka Machi 1953. Kwa sababu hiyo juzuu zake, yaani matoleo ya mwaka mmoja, huanza Machi na kuishia Februari, na hapo ndipo wengi hukosea: Januari 1927 wanaiweka pamoja na Machi 1927, kumbe ni ya juzuu iliyotangulia. Nilitumia kanuni hii: mwaka wa toleo, toa 1901; lakini kwa Januari na Februari, toa 1902. Januari 1927 inatoka juzuu ya 25.

Namba ya juzuu ikiwa imechanika, nilitafuta jina la mhariri. William Hilliar ni wa mwanzo kabisa. Dkt. A. M. Wilson wa Kansas City alilishika kwa miaka mingi, mpaka John Mulholland alipolichukua 1930. Jina la mhariri halikupi mwezi, kwa hiyo nilisoma habari za wasanii. Mwanamazingaombwe Harry Kellar alimwachia mwenzake Howard Thurston onyesho lake Mei 1908. Ukurasa unaomwita Thurston mrithi wa Kellar hauwezi kuwa wa 1905. Mwanamazingaombwe Houdini alifariki tarehe 31 Oktoba 1926, na rambirambi za kifo chake ni alama nzuri kuliko zote. Matangazo ya vifaa sikuyategemea, maana tangazo moja laweza kurudiwa miezi mingi.

Baada ya kupanga ndipo nikagusa pini za stepla zilizoshika kurasa. Pini yenye kutu haivutwi: karatasi ya enzi hizo ina asidi, imekuwa kahawia na kavu, nayo hukatika palepale kwenye mkunjo. Fungua toleo katikati, ingiza kipande chembamba cha plastiki chini ya miguu ya pini, uinyanyue kwa kisu butu mguu mmoja mmoja, kisha geuza na kuitoa kwa upande wa nje. Nilishona upya kwa uzi wa kitani kupitia matundu yaleyale mawili, nikaongeza moja tu katikati.

Kwa michaniko nilipika gundi ya wanga wa ngano, kipimo 1 cha wanga kwa 4 vya maji, moto mdogo, huku nikikoroga bila kuacha hadi ikaanza kung'aa. Ikipoa, ichuje, uilainishe kwa maji kidogo. Karatasi nyembamba ya Kijapani ya kuwekea kiraka ichanwe kwa mkono, isikatwe kwa mkasi, ili nyuzi za ukingoni zishike. Gundi ikizidi maji huacha mstari wa kahawia kuzunguka kiraka, na mstari huo hautoki kirahisi; paka kiasi cha kulowesha nyuzi tu, weka karatasi ya kunyonya maji juu na chini, gandamiza kwa kitu kizito usiku kucha. Selotepu ya zamani iliyokwisha kauka nilibandua ile iliyojiachia yenyewe tu.